Nani Anadaiwa Ushahidi wa Maumivu?

Ukijigonga kidole cha mguu kwenye kona ya kitanda, unaumia mara mbili. Kwanza maumivu makali ya ghafla. Kabla hujamaliza kuguna, yanafuata mengine mazito, yanayofukuta na kukawia. Sababu iko kwenye neva. Nyuzi zenye utando wa mafuta hupeleka taarifa kwa kasi ya mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Nyingine, nyembamba na zisizo na utando huo, hazifikishi hata mita 2.

Hata hivyo, nyuzi hizo hazibebi maumivu. Zinabeba taarifa tu: hapa pana joto, hapa pamechanika. Mwaka 1965, Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kitu kama lango, linaloweza kupunguza au kuongeza taarifa zinazopanda, na ubongo nao una kauli juu yake. Ndiyo maana askari anaweza kujeruhiwa vitani asihisi mpaka risasi zinyamaze.

Kama maumivu hayalingani na kidonda, na hakuna kipimo cha kuyaonyesha kama kipimajoto kinavyoonyesha homa, nani anadaiwa ushahidi: anayeumia au anayemsikiliza? Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi tunataka tuletewe kunguni kwanza.

Deni hili liliwahi kuwaangukia watoto wachanga. Hadi miaka ya 1980, hata katika hospitali za Marekani na Uingereza, baadhi yao walipasuliwa wakiwa wamepewa dawa ya kulegeza misuli, lakini dawa ya maumivu kidogo sana au hawakupewa kabisa. Madaktari walihofia kwamba dawa hiyo ingewaua. Pia walidai kwamba neva za mtoto hazijapata utando wa mafuta, kwa hiyo hahisi. Lakini zile nyuzi za polepole hazina utando huo hata kwa mtu mzima! Mwaka 1987, Kanwaljeet Anand na wenzake walionyesha kwamba watoto njiti waliopewa dawa ya kutosha walipata matatizo machache zaidi baada ya upasuaji.

Utasema wapo wanaodanganya, na dawa hazitoshi. Ni kweli. Lakini kumwamini mtu si kumpa kila anachotaka. Ni kuanza kumchunguza ukiwa upande wake. Mgonjwa wa selimundu anaweza kufika hospitali akiwa na maumivu makali yasiyo na jeraha wala uvimbe. Ukimwamini kimakosa, umepoteza muda na dawa kidogo. Usipomwamini kimakosa, umemwacha na maumivu yake, na juu yake umemwongezea upweke wa kuitwa mwongo.

Makosa hayo mawili hayana uzito sawa. Kwa hiyo anayedaiwa ni msikilizaji. Anayetaka kukataa maumivu ya mwenzake ndiye alete ushahidi.