"Yaya, Mimi Nilizaliwa Wapi?"



 

Ndugu zangu katika imani, baadhi yenu mtashangaa mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu anapoanza nasaha kwa tamthilia. Sikuja kuitetea. Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Nchelenge, kaskazini mwa Zambia, ukingoni mwa Ziwa Mweru. Kila siku baada ya Isha wadogo zangu walijikusanya mbele ya kompyuta yangu kutazama Blood & Water, ile ya Afrika Kusini iliyoanza kuonyeshwa Netflix mwaka 2020. Puleng, binti wa Cape Town, anakutana na msichana anayemdhania kuwa dada yake aliyeibwa akiwa mchanga. Kila anapochimba anakuta siri za watu wazima, na baba yake mwenyewe anakamatwa na polisi. Kisa kinachofanana na hicho kilitokea kweli katika mji huo huo: mtoto aliibwa hospitali ya Groote Schuur mwaka 1997, akapatikana mwaka 2015 baada ya watu shuleni kuona jinsi anavyofanana na msichana mwingine, kumbe ni mdogo wake wa damu.

Yaliyomo mle ya mavazi na maneno siyasemei leo.

Usiku mmoja mdogo wetu wa mwisho, kijana wa miaka 13, alibaki wenzake walipokwenda kulala. "Yaya," akaniita (kwetu sisi tuliotoka Kongo, yaya ni kaka mkubwa, si mlezi wa watoto), "mimi nilizaliwa wapi?"

Nikamjibu, "Hapa hapa. Nenda kalale."

Nilijua ni uongo. Mwaka 2012, wakati watu wa upande wa Pweto walipokuwa wakiwakimbia wapiganaji wa Kata-Katanga, mwanamke mgonjwa alishuka kwenye boti pale Kashikishi akiwa na mtoto mchanga mgongoni. Aliishi kwetu siku chache, akafariki. Mama akambeba yule mtoto na hajamshusha hadi leo. Shuleni ameandikishwa kwa jina la baba yangu. Sisi wakubwa tuliambiwa tunyamaze, tukanyamaza.

Siku mbili baada ya swali lile, kijana hakurudi kutoka sokoni. Ndugu msomaji, kama hujawahi kumtafuta mtoto usiku kandokando ya ziwa, usiombe. Kwenye tamthilia muziki unabadilika nawe unajua kwamba atapatikana sehemu ya nane. Sisi tulikuwa na tochi za simu tu, tukiuliza boti moja baada ya nyingine, na Mama ameketi kwenye mchanga, hasemi kitu. Asubuhi ya pili wavuvi walimleta kutoka kisiwa cha Kilwa (si Kilwa ya pwani mnayoijua, hii iko ndani ya Mweru). Alikuwa anatafuta boti ya kumvusha Kongo. Watoto wa mtaani walikuwa wamemwambia zamani kwamba si wa kwetu. Mimi alinijia ili nimwambie kama ni kweli.

Tangu siku ile naisoma Surat Yusuf kwa namna nyingine. Nilikuwa nawalaani wale kaka kwa kanzu waliyoipaka damu ya uongo. Nami nilikuwa kaka, na uongo wangu ulikuwa wa maneno mawili.

Nilipomwuliza Baba kwa nini tulificha, alinijibu kwa dini. Alisema ni sitara, na kwamba anayemsitiri Muislamu, Allah atamsitiri. Nikamwambia kwa adabu, Mzee, sitara ni ya aibu, na mtoto huyu hana aibu yoyote. Hapo ndipo aliponiambia jambo ambalo hata mimi sikulijua: yule mwanamke alikuwa ametaja jina la mumewe na kijiji chao. Hawakuwa Waislamu. Baba aliogopa kwamba siku kijana akiwajua, watamchukua na dini yake itapotea.

Hofu hiyo siidharau. Lakini mtazameni Zayd bin Haritha (r.a.). Alitekwa na wavamizi akiwa mtoto, alipokwenda na mama yake kuwazuru jamaa zake, akauzwa soko la Ukadh, akafika kwa Bi Khadija (r.a.), naye akampa Mtume (s.a.w.). Baba yake, Haritha, alimlilia miaka hajui kama yu hai au amekufa. Alipopata habari alifunga safari hadi Makka na fidia mkononi. Hayo yalikuwa kabla ya utume, na Haritha alikuwa mtu wa jahilia. Mtume (s.a.w.) hakumficha kijana wala hakuitaka fidia. Alimwita, akamuuliza kama anawatambua watu hawa, kisha akamwachia achague mwenyewe. Zayd akachagua kubaki. Alibaki akijua kwao ni wapi na kwamba mlango uko wazi.

Baadaye watu wakawa wanamwita Zayd bin Muhammad, mpaka iliposhuka aya ya tano ya Surat Al-Ahzab ikiamrisha watoto wa kulelewa wanasibishwe na baba zao. Aya ile haikuweka sharti kwamba baba awe Muislamu. Zayd akarudi kuwa bin Haritha na hakutolewa kwenye mapenzi ya Mtume hata hatua moja. Ndiye sahaba pekee ambaye jina lake limetajwa ndani ya Qur'an.

Na asiyejulikana baba yake? Aya hiyo hiyo inasema hao ni ndugu zenu katika dini na marafiki zenu. Salim, aliyelelewa na Abu Hudhayfa, alikuwa wa namna hiyo, akaitwa maula wa Abu Hudhayfa, na huyo ndiye aliyewaswalisha Muhajirina pale Quba.

Yako pia ya mirathi na ya umahram. Kijana anabaleghe, na nyumbani kuna dada zangu ambao kisheria si dada zake, kwa kuwa Mama hakumnyonyesha. Kwenye mirathi hana fungu, ila Baba anaweza kumuusia hadi theluthi ya mali. Hayo mtu huyaandika na kuyapanga, lakini huwezi kuyapanga bila kwanza kusema ukweli.

Baba alimwambia siku ya Ijumaa, baada ya Asri, wakiwa wawili tu. Mimi na Mama tulikuwa jikoni. Alilia, Mama, akasema nimemleta mwanasheria ndani ya nyumba yake. Kijana alipotoka alikwenda moja kwa moja kukaa karibu naye, akaanza kumsaidia kuchambua mchele.

Mfanyabiashara mmoja wa samaki anayevuka kwenda Pweto amepewa lile jina na la kijiji akaulizie. Hadi naandika haya hajarudi. Kila ninapopiga simu kijana ananiuliza kama nimesikia chochote, na Mama naye ananiuliza hivyo hivyo, kwa sauti ya chini. Naomba dua zenu kwa wote wawili.

Wabillahi tawfiq.