Godoro Lina Pembe Nne



Nawasalimu nyote mnaosoma jarida letu hapa Nakivale, wa Base Camp, Juru na Rubondo, na ninyi mliofika juzi ambao bado mnalala chini ya turubai. Somo letu linatoka Injili ya Marko 2:1-12. Tafadhali fungueni Biblia zenu mlisome lote kabla ya kuendelea, maana sitalinakili hapa. Karatasi zetu ni chache.

Ni habari ya mtu aliyepooza kule Kapernaumu. Tumeihubiri mara nyingi, na kila mara tunakazia uponyaji wake au msamaha wa dhambi zake. Leo nataka tuwatazame wale wanne waliombeba. Marko hatuambii majina yao. Hakuna hata neno moja la kinywa chao lililoandikwa. Tunachojua ni kwamba walibeba, wakakuta mlango umezibwa na watu, wakapanda juu, wakatoboa paa la nyumba ya wenyewe. Na mstari wa 5 unatuonyesha kwamba Yesu aliitazama imani yao wale wabebaji. Mgonjwa mwenyewe labda alikuwa na imani, labda alikuwa amechoka hata kuamini. Marko hasemi.

Sisi tuliotoka milimani Rutshuru na Masisi tunajua kazi hiyo. Tulikuwa tukibeba wagonjwa kwa kipoyi, ile machela ya mianzi, kutoka kijijini mpaka barabarani. Nani aliwahi kuona kipoyi kikibebwa na watu wanne tu kwa mwendo wa saa tano? Wanaondoka wanane au kumi. Wanne wana mzigo begani, wengine wanatembea pembeni wakingoja zamu yao. Bega likiuma, unasema, mwenzako anaingia. Hakuna aliyeona aibu kusema bega linauma.

Sasa niwaeleze juu ya rafiki yangu. Amenipa ruhusa nisimulie, ila ameomba nisitaje jina lake. Wanaomjua wakimtambua, basi wamtambue kwa upendo.

Tulivuka pamoja pale Bunagana mwaka 2012, wakati wa vita vya M23 vya mara ile ya kwanza, tukapitia kambi ya mpito ya Nyakabande, kisha tukaletwa hapa. Nyumbani alikuwa mwalimu wa kwaya. Hapa pia alianzisha kwaya, kabla hata hatujapata benchi moja. Baada ya miaka michache alianza kutolala. Akawa anasikia watu wakimsema nje ya nyumba, usiku, na nje hapakuwa na mtu. Akakataa chakula cha shemeji akisema kina sumu. Siku moja alichoma karatasi ya ukimbizi ya familia nzima, kwa kuwa sauti zilimwambia kwamba majina yao yanauzwa kwa maadui. Mnajua maana ya kupoteza karatasi ile.

Shemeji alimpeleka kituo cha afya, akapewa vidonge. Vikaanza kumsaidia. Hapo ndipo mimi nilipoingia na kuharibu.

Nilisema hiyo ni roho chafu. Nilisema mtu wa Mungu hawezi kumtegemea Bwana na vidonge pamoja. Tukafunga siku saba, tukamzunguka tukipaza sauti, mtu ambaye tayari alikuwa akisikia sauti nyingi. Siku ya tatu nilimwambia aache dawa, ili Mungu asishirikiane utukufu wake na mtu. Akaacha. Alinitii kwa sababu nilikuwa mchungaji wake na rafiki yake. Kabla mwezi haujaisha alipotea, tukamkuta ufukweni mwa ziwa, amevua nguo, anatetemeka kwa baridi. Vijana walileta kamba. Mimi mwenyewe nilishika upande mmoja wa kamba ile wakati wakimfunga. Alama ingali mkononi mwake wa kushoto, na kila tunaposalimiana naiona.

Sikufundishwa hivyo katika chuo cha Biblia. Niliyachukua kwa mazoea, kama wengi wetu. Nilimwomba msamaha, yeye na mkewe, mbele ya wazee wa kanisa. Nawaomba na ninyi msinifuate katika kosa lile.

Najua wako watakaouliza: je, Mchungaji sasa anakana kwamba kuna pepo? Sikani. Lakini someni Mathayo 4:24. Waliletwa kwa Yesu watu wa namna mbalimbali, na Mathayo anawataja wenye pepo mahali pao, wenye kifafa mahali pao, na waliopooza mahali pao. Watu wa zamani walijua kutofautisha, sisi tunachanganya. Luka, mwenza wa Paulo, alikuwa tabibu (Wakolosai 4:14), na hatusomi popote kwamba Paulo alimtaka aache kazi yake. Na Timotheo alipokuwa na tumbo la kuuma mara kwa mara, Paulo alimwelekeza atumie mvinyo kidogo (1 Timotheo 5:23). Hakumwambia kwamba imani yake ni haba.

Ugonjwa wa akili ni ugonjwa. Ule wa rafiki yangu unaitwa skizofrenia, na Shirika la Afya Duniani linasema duniani unampata takriban mtu mmoja kati ya mia tatu na kitu. Shirika hilo hilo lilikadiria mwaka 2019 kwamba katika nchi zilizopitia vita, mtu mmoja kati ya watano ana tatizo fulani la akili, kubwa au dogo. Hesabuni benchi zenu Jumapili. Basi si laana ya ukoo, wala mama yake hakumroga, wala shemeji hakumwekea kitu katika chakula. Maneno hayo yamevunja nyumba nyingi hapa kuliko ugonjwa wenyewe.

Sasa tubebeje? Nitasema yale niliyojifunza kwake na kwa muuguzi wa magonjwa ya akili.

Akisema anasikia sauti, usibishane naye, wala usijifanye nawe unazisikia. Mimi humwambia, "Ndugu yangu, mimi sizisikii, lakini naona zinakuogopesha. Nitakaa hapa." Nakaa pembeni yake, si mbele yake, na mlango nauacha wazi. Watu wawili wanatosha. Tukijaa ishirini na ngoma zetu, yeye anaona maadui ishirini. Maombi naomba, kwa sauti ya chini, naye akitaka. Akisema leo hataki, naombea nyumbani kwangu. Mungu anasikia kutoka huko pia.

Dawa zake zina maudhi, tusidanganyane. Zilimkaza shingo, mikono ikatetemeka, mate yakamtoka, na watoto wakamcheka njiani. Wengi huacha dawa kwa ajili ya mambo hayo, na jirani husema amepona. Sisi tulirudi naye kwa muuguzi tukaeleza, akapunguziwa kipimo na kuongezewa kidonge cha kulegeza mwili. Sasa anachoma sindano mara moja kwa mwezi badala ya vidonge vya kila siku. Kazi ya rafiki hapo ni kukumbuka tarehe, kutembea naye, kungoja naye kwenye foleni, na kumsemea anapoona haya. Na dawa isipokuwapo kituoni, maana hilo hutokea, tunauliza itakuja lini au tuifuate wapi, hata kama ni Mbarara. Tunachanga nauli. Shemasi ana daftari la mchango huo, nanyi mnaruhusiwa kuliona.

Liko jambo gumu zaidi, nami nitalisema wazi. Wengine wetu wanatamani kufa. Elia pia alitamani. Someni 1 Wafalme 19:4-8. Tazameni alivyohudumiwa na malaika. Hakukemewa. Alipewa mkate na maji, akalala tena, akaamshwa ale tena, kwa kuwa safari ilikuwa ndefu kwake. Mahubiri hayakuwapo. Basi ukimwona rafiki anagawa vitu vyake, au anasema familia itapumua akiondoka, muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Watu wanaogopa kwamba kuuliza kutamtia wazo hilo. Sivyo; wanaotibu ugonjwa huu wanasema kuuliza humpa nafasi ya kutua mzigo. Akikubali, usimwache peke yake hata usiku mmoja. Ondoeni nyumbani dawa ya kuulia wadudu wa shambani na kamba, vidonge vitunzwe na mtu mwingine, na asubuhi mfike kituoni. Usiahidi kumtunzia siri ya namna hiyo. Akikasirika, atakusamehe akiwa hai.

Wako pia wanaoficha. Nimeingia nyumba ambako kijana alifungiwa chumba cha nyuma siku ya mahojiano, wazazi wakiogopa kwamba akionekana, kesi ya kupelekwa nchi ya tatu itakufa. Naelewa hofu hiyo, na tangu Marekani isimamishe kupokea wakimbizi Januari 2025 imekuwa kali zaidi. Lakini mahitaji ya matibabu ni mojawapo ya sababu ambazo UNHCR hutazama inapopendekeza familia. Na hata isingekuwa hivyo, kijana yule ana njaa ya jua na ya mtu wa kuongea naye.

Na sasa shemeji. Tulipokuwa tukifunga na kukemea, hakuna aliyemuuliza kama watoto wamekula. Tangu mgao wa chakula ulipopunguzwa mwaka 2023, nyumba yenye mgonjwa ndiyo ya kwanza kulala bila kitu, kwa sababu mlinzi wa mgonjwa hawezi kwenda kulima kwa watu. Dawa hizi pia humtia mgonjwa njaa kubwa. Akina mama wa kanisa waligawana siku: mmoja anamchotea maji, mwingine anakaa na mgonjwa ili shemeji aende shambani au alale tu. Siku ya kwanza alilala kutoka asubuhi mpaka saa kumi jioni. Mama mmoja aliniambia, "Mchungaji, huyu si mvivu, alikuwa anakufa akiwa amesimama."

Nami nilichoka. Kuna mwezi nilipita njia ya nyuma ili asinione. Nilimwambia mzee mmoja wa kanisa kwamba bega langu linauma, akaingia zamu majuma mawili, wala hakunihukumu. Mwanzoni tulikuwa wawili, sasa tuko sita. Tunahitaji wengine, hasa vijana wa kiume, maana anapenda kutembea mbali na sisi magoti yetu yameanza kuzeeka.

Mtaniuliza kama amepona. Yule wa Kapernaumu alisimama siku ile ile akajitwika godoro lake mwenyewe. Rafiki yangu bado. Sauti zimepungua, hazijaisha. Mwaka jana alirudi nyuma miezi miwili, tukambeba tena. Lakini Jumamosi mchana anakaa nyuma ya kanisa na wanakwaya, anafundisha sauti ya tatu, na mtu akikosea anamsimamisha kwa ukali ule ule wa zamani. Tulikuwa tumemwondoa kwenye kwaya. Wazee walipiga kura kumrudisha, na kura ya kwanza ilishindwa. Ya pili ikapita.

Sindano yake ijayo ni Jumanne ya juma lijalo. Zamu ya kumsindikiza ni yangu, tutaondoka saa kumi na mbili asubuhi kwa sababu foleni ni ndefu. Kwa hiyo maombi ya Jumanne asubuhi yataongozwa na wazee wa kanisa. Mwenye nafasi ya kushika pembe moja ya godoro hili, au la mgonjwa aliye jirani yake, aje anione Jumapili baada ya ibada, chini ya mti ule wa upande wa choo.

Ni mimi mtumishi wenu katika Bwana.