Nani Kampendelea?

Tulikuwa ufukweni Gisenyi, mimi na mpwa wangu aliyekuja likizo kutoka Brussels, tunasubiri samaki wadogo waitwao sambaza. Dakika arobaini zilipita. Wakaja Wazungu wawili, vijana, miguu imejaa vumbi la ile njia ya Congo Nile, wakakaa meza ya jirani. Hawajavua hata mabegi, mhudumu kashafika na menyu, kitambaa kinafuta meza iliyokuwa safi tayari. Punde sambaza zao hizo, zinafuka moshi, ndimu pembeni. Za kwetu, nadhani, zilikuwa bado zinaogelea.

Mpwa akainuka. Kule anakoishi jambo hili lina neno lake la Kifaransa, *privilège*, naye hulitumia kama chumvi. Aliwaambia kwa adabu, lakini aliwaambia: hapa iliyoagiza chakula ni ngozi yenu. Mmoja akageuka mwekundu, akajibu kwamba baba yake ni dereva wa lori, hajawahi kupewa cha bure, wala hakumwomba mtu amtangulize. Basi kila mmoja akashika lake. Kijana wetu alikuwa anazungumzia sahani. Mgeni alisikia anatukanwa ukoo.

Nikawaza Kiswahili chetu. Sisi husema upendeleo. Neno hilo limezaliwa na kitenzi, na kitenzi kina mtendaji: hupendelewi mpaka awepo anayekupendelea. Lile la Kifaransa humwacha mtu peke yake na fadhila zake, kama ng'ombe na nundu. La kwetu linadai jina la pili.

Hapa Rwanda jina hilo la pili liliwahi kusahauliwa. Waliogawa walikuwa Wabelgiji: vitambulisho vyenye kabila katika miaka ya 1930, uchifu, na nafasi katika shule ya Astrida, Huye ya leo, kwa watoto wa watawala Watutsi. Mtutsi wa kawaida mwenye ng'ombe wake wawili hakuonja hata harufu ya mgawo huo. Machi 1957 Wahutu tisa, akiwemo Grégoire Kayibanda aliyekuja kuwa rais, walitoa waraka unaojulikana kama Manifesto ya Wahutu. Malalamiko yake mengine yalikuwa ya kweli. Wahutu wengi walikuwa wamefungiwa milango ya uchifu na shule. Lakini waraka uliiita hali hiyo ukiritimba wa mbari moja, tena ukapinga kabila kufutwa kwenye vitambulisho, kwa hoja kwamba likifutwa haitajulikana nani kapata nini. Mgawaji akasogezwa kando. Aliyegawiwa akageuzwa kuwa kosa lenyewe, pamoja na jirani yake ambaye hakugawiwa kitu, na watoto wao. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kwenye vizuizi vya barabarani, watu walitakiwa watoe vitambulisho hivyo vyenye kabila.

Silinganishi sahani ya samaki na mauaji ya kimbari. Atakayenisoma hivyo amenionea. Nazungumzia ulimi, na mahali unapoelekeza kidole.

Nilimwita mhudumu, nikamuuliza taratibu kulikoni. Hakukana.

"Mzee, wale wakicheleweshwa wanaandika kwenye intaneti, halafu bosi ananifuata mimi. Nyinyi mnaelewa."

Nyinyi mnaelewa! Kumbe uvumilivu wetu umeshapigiwa hesabu kwenye biashara ya watu. Mpwa wangu alinyamaza, kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye ndege. Alimkabili aliyepokea sahani. Aliyeileta ni mweusi kama sisi, na aliyemtuma hakuwepo hata hotelini siku ile.

Mgeni naye hana lake? Analo. Alitukuta pale, aliona meza yetu haina kitu, akala. Nikamwambia mpwa amwambie hilo tu, asiongeze ngozi wala historia. Alimwambia. Yule kijana akatazama meza yetu, akatazama yake, akakubali kwamba angeweza kusema "hawa walitangulia". Tena akatusogezea ndimu, ingawa bado hatukuwa na cha kukamulia.

Wenye hoteli za ufukweni, nawaomba nyinyi: mwambieni mhudumu afuate foleni. Na mtu akilalamika kwenye intaneti kwamba alisubiri kama wengine, mshahara wa kijana usiguswe.