Pande Mbili za Bonde

"Mwanangu, mtoto amechoka. Kilichoandikwa kimeandikwa. Mwacheni apumzike." Aliyeniambia hivyo ni mzee wa mtaani kwetu hapa Keko, mtu wa safu ya mbele msikitini, na tulikuwa tumetoka kuswali alasiri. Alikuwa akimzungumzia mpwa wangu, binti wa dada yangu, mwenye umri wa miaka sita, anayeugua saratani ya damu. Hakusema kwa ubaya. Mzee huyu amezika watoto wake mwenyewe, na nadhani maneno hayo ndiyo yaliyomwezesha kusimama tena.

Sikumjibu. Nilirudi kwenye karakana, nikashika randa, na maneno yake yakaendelea kunizunguka kichwani, kwa sababu mimi pia naamini kadari. Nilifundishwa chuoni tangu utotoni kwamba ni nguzo ya sita ya imani, kheri yake na shari yake. Siwezi kuiacha eti kwa kuwa leo imenigusa penye kidonda.

Lakini nilifundishwa pia habari za Sayyidna Omar. Mwishoni mwa miaka ya 630, alipokuwa Khalifa, alikuwa safarini kwenda Sham, yaani Syria na jirani zake, akapata habari kwamba tauni imeingia huko. Akawashauri masahaba, wakahitilafiana, naye akaamua kurudi Madina. Abu Ubaida, jemadari wake, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Omar akakubali: anaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Akampigia mfano wa mtu aliyeteremka na ngamia wake kwenye bonde, upande mmoja una majani, wa pili ni mkavu. Popote atakapowalisha, atakuwa amewalisha kwa kadari ya Mungu.

Basi Hospitali ya Muhimbili nayo imo katika kadari. Wodi ya watoto wenye saratani imo, dripu imo, na vidonge ambavyo dada yangu anavihifadhi juu ya kabati navyo vimo. Matibabu ya ugonjwa huu huchukua zaidi ya miaka miwili, na hapo ndipo neno "imeandikwa" huwa la hatari kwa njia mbili. Mtoto akizidiwa, watu husema imeandikwa, wakamrudisha nyumbani. Baada ya wiki za mwanzo za dawa mashavu yakijaa, akianza kukimbizana na wenzake, watu husema Mungu ameponya, na kliniki inasahaulika huku seli mbaya bado zimejificha mwilini. Kukata tamaa na kushukuru kabla ya wakati humfikisha mtoto kaburi lile lile. Mimi hili la pili naliogopa zaidi, maana linakuja na furaha.

Moja ya dawa anazotundikiwa inaitwa vinkristini. Inatokana na lile ua dogo, la waridi au jeupe, ambalo akina mama mitaani kwetu hulipanda kwenye makopo mbele ya nyumba. Asili yake ni Madagaska. Dawa yake iliidhinishwa Marekani mwaka 1963. (Asije mtu akalichemsha, ni sumu, kipimo chake wanakijua wenye kazi yao.) Zamani, mtoto mwenye ugonjwa huu alikuwa hana muda mrefu wa kuishi, na ua lilikuwepo. Mtume ametufundisha tujitibu, kwa kuwa hakuna maradhi yaliyoteremshwa bila dawa. Hii iliteremshwa, ikangoja watu waitafute.

Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri zaidi ya watoto 80 kati ya 100 wenye saratani hupona. Katika nchi nyingi maskini na za kipato cha kati hawafiki 30. Anayeyaita hayo yote mapenzi ya Mungu na kuishia hapo, atalazimika kusema Mungu anawapenda zaidi watoto wa Ulaya. Mimi sisemi hivyo. Katika pengo lile naona nauli iliyokosekana, ugonjwa uliochelewa kugunduliwa, damu ambayo hakuna aliyekwenda kuitoa. Hapa kwetu Tumaini la Maisha, shirika linalofanya kazi na Muhimbili, limesaidia watoto watibiwe bila malipo. Kwa damu, jirani yangu fundi sofa, Mlutheri, alifunga banda lake siku nzima akaenda na vijana wake.

Linabaki swali la mtoto mwenyewe. Wanaosema maradhi hufuta dhambi, kwake yanafuta nini? Kalamu imeinuliwa kwa mtoto mpaka abaleghe, hana alichoandikiwa. Wakisema ni mtihani wetu sisi wakubwa, mbona sindano inaingia kwenye mgongo wake? Sina jibu, wala sitalilazimisha. Anapojikunja achomwe, mimi hushika magoti na kichwa chake, naye huniomba, "Mjomba, soma Alhamdu polepole, usimalize kabla ya daktari."

Kuhusu Abu Ubaida, yeye alibaki Sham na askari wake, akafa kwa tauni ile ile, na hakuna Mwislamu anayemlaumu. Namkumbuka kila nikimfikiria mama mmoja kutoka Kigoma, aliyekuwa kitanda cha pili wodini. Hakukosa dozi wala kliniki, na mwanawe alifariki. Mfano wa bonde nautumia kumsukuma anayesita kwenda hospitali. Aliyekwenda, akafanya yote, akarudi na msiba, sina haki ya kumwelekezea mfano huo. Yule mama tulimchangia nauli ya kurudi kwao.