Homa ya Madina na Nyasi za Makka



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa mashariki zote na magharibi zote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, mwezi uliopita ilisomwa katika darsa yetu barua ya kijana aliyesoma nasi tangu udogoni, na ambaye sasa yuko Uingereza kwa kazi. Hakulalamika juu ya ujira wala juu ya watu. Alisema tu ya kwamba tangu kuingia kwa majira ya baridi moyo wake umekuwa mzito. Huamka gizani na kurudi nyumbani gizani. Na siku moja alipita penye harufu ya samaki wa kukaangwa, akasimama njiani akalia kama mtoto. Mwisho akatuuliza maswali mawili: Je, kulia huku ni upungufu wa imani? Na je, akirejea kwao atakuwa na makosa?

Twaona haya kueleza jinsi tulivyomjibu. Mmoja wetu alisema kwamba ardhi yote ni ya Mwenyezi Mungu, Mwislamu hana kwao ila pale anaposujudu, na mwenye kulilia upepo wa kusi na joto la pwani ni mtu dhaifu wa imani. Sote tukaitikia, na jawabu hilo likapelekwa. Mama yake hakuridhika nalo. Majirani wakamwambia kwamba mwanawe amepatwa na jini wa nchi ya baridi. Akatoa fedha, akaandikiwa hirizi ya kumpelekea. Tuliposikia tulitaka kumkemea, kisha tukaulizana: ni nani aliyemsukuma mama huyu mpaka mlangoni kwa mganga? Mwenye kiu akija kisimani akakosa maji, huinamia dimbwi. Basi tukarudi vitabuni, na haya ndiyo tuliyoyapata. Lau tungeyatafuta kabla ya kujibu, ingalikuwa bora.

Mtume (S.A.W.) na sahaba zake walipohama Makka kwenda Madina mwaka 622, walitoka katika bonde kavu lenye majabali na jua kali, wakaingia katika mji wa mitende, mashamba na maji. Mwenye kutazama kwa jicho la dunia angesema wametoka penye dhiki wakaenda penye neema. Lakini Bibi Aisha (R.A.) ameeleza, katika hadithi iliyomo katika Sahihi ya Bukhari, ya kwamba walipofika hapakuwa na ardhi yenye maradhi kuliko Madina, na bonde la Buthan lilikuwa likipita maji yaliyoharibika. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufasiriwa maji yaliyoharibika huleta nini. Wahamiaji wakashikwa na homa, miongoni mwao Abu Bakr na Bilal (R.A.).

Abu Bakr homa ilipompanda alikuwa akitaja mauti na ukaribu wake. Ama Bilal, kila ilipompungua alikuwa akipaza sauti yake kwa mashairi ya kutamani Makka. Alitamani alale usiku mmoja tu katika bonde lile, amezungukwa na idhkhir na jalil. Afike kwenye maji ya Majanna. Avione tena vilima vya Shama na Tafil. Idhkhir ni nyasi yenye harufu nzuri, jamaa ya mchaichai tunaotia katika chai zetu. Jalil ni nyasi dhaifu isiyo na thamani sokoni. Hayo ndiyo aliyoyalilia Sayyidna Bilal: majani, maji na vilima.

Sasa zingatieni, ndugu zetu, ni nani huyu anayelia. Huyu ni yule yule aliyelazwa na Umayya bin Khalaf juu ya mchanga wa Makka wakati wa adhuhuri, akawekewa jiwe zito kifuani ili aikane dini yake, naye asitamke ila Umoja wa Mwenyezi Mungu. Jua la Makka lilikuwa ndiyo silaha ya adui yake. Kama kuna mtu aliyestahiki kulichukia bonde lile na joto lake, ni Bilal. Na tena mama yake alikuwa Mhabeshi, na yeye mwenyewe alikuwa mtumwa asiye na ukoo wa kumtetea. Juu ya hayo yote, alipokuwa mgonjwa ugenini moyo wake ulirudi kule kule. Aliwaombea laana waliowatoa Makka, lakini mji wenyewe hakuulaani. Alijua kupambanua baina ya ardhi na madhalimu wake.

Je, yuko atakayethubutu kusema kwamba imani ya Bilal ilikuwa dhaifu? Sisi tulimwambia hivyo kijana wetu, wala hatukujua kwamba neno letu linampata na Bilal pia. Astaghfirullah.

Tena tazameni Mtume (S.A.W.) alifanya nini Bibi Aisha alipompelekea habari hizi. Hakumkemea Bilal, wala hakumwambia asahau Makka. Aliomba dua. Alimwomba Mwenyezi Mungu awapendezeshee Madina kama wanavyoipenda Makka au zaidi. Awabarikie pishi yao na kibaba chao. Autie mji ule siha. Na homa yake aihamishie Juhfa. Katika dua hiyo mna mafunzo. La kwanza, alitangulia kuomba mapenzi kabla ya kuomba chakula na siha, kwani mtu huweza kushiba na kuwa mzima katika nchi, na bado asiwe na raha kama moyo wake haujaikubali. La pili, kipimo cha mapenzi aliyoyaomba kilikuwa ni mapenzi ya Makka yenyewe. Hakuomba mapenzi ya kwanza yaondolewe ili ya pili yapate nafasi. Moyo wa muumini una nafasi ya nyumba mbili. La tatu, homa aliiita homa, akamwomba Mwenye kuponya aiondoe. Hakumtafuta jini, wala hakumfunga mtu hirizi.

Dini yetu haikupuuza kabisa jambo la joto na baridi. Mtume (S.A.W.) aliamrisha kwamba joto likizidi, sala ya Adhuhuri icheleweshwe mpaka kupoe. Usiku wa baridi na mvua, mwadhini aliwatangazia watu wasali majumbani mwao. Amr bin al-As (R.A.), katika safari ya Dhatus-Salasil mwaka wa 8 wa Hijra, aliamka na janaba usiku wa baridi kali, akaogopa kwamba akioga atakufa, akatayamamu akawasalisha wenziwe. Mtume alipopewa habari alicheka wala hakumlaumu. Na watu wa Ukl na Urayna walipofika Madina na hewa yake isiwafae, aliwaruhusu watoke nje ya mji waende kwa ngamia, wanywe maziwa yake, na wakapona. Kwamba baadaye walifanya khiyana ni jambo jingine. Tunalolitaka hapa ni kwamba aliyesema, "Hewa ya hapa hainifai," alitafutiwa dawa.

Hali kadhalika elimu ya leo. Tangu mwaka 1984 matabibu wameeleza maradhi ya huzuni ambayo huwajia watu katika majira ya baridi kwa upungufu wa mwanga, na katika tiba zake mojawapo ni huo mwanga wenyewe. Huku kwetu mchana ni karibu na saa 12 mwaka mzima. London, katika mwezi wa Disemba, jua huchomoza yapata saa 2 za asubuhi, na hutua kabla ya saa 10 za jioni. Mtu aliyelelewa na jua la Mombasa au Lamu akiona uzito katika mchana mfupi namna hiyo, ni mwili wake unaosema. Na amwendee tabibu. Fedha ya hirizi ingalimnunulia koti zito, na sadaka ikabaki.

Wako na watu ambao hupindukia upande wa pili, wakadai kwamba hewa ndiyo inayomfanya mtu awe alivyo. Hata Ibn Khaldun, pamoja na ukubwa wa elimu yake, katika Muqaddima aliyoimaliza mwaka 1377 aliigawa dunia kwa iklimu saba, akasema kwamba watu wa nchi za joto wana furaha nyingi na akili nyepesi. Alipata alipokataa kwamba weusi ni laana ya Nabii Nuhu juu ya mwanawe, akasema asili yake ni joto la nchi. Lakini katika habari ya akili na tabia alikosea, na Bilal peke yake yatosha kuwa jawabu. Hewa hugusa mwili, na huweza kuhuzunisha moyo. Lakini haimpi mtu heshima wala haimnyang'anyi. Mwenyezi Mungu amekwisha kutueleza katika Suratul-Hujurat, aya ya 13, kwamba aliye mtukufu zaidi mbele yake ni yule amchaye zaidi.

Sasa limebaki swali la pili la kijana wetu, nalo ndilo zito: je, arejee? Hapa tumekuta habari ya mtu mwingine aliyeshikwa na homa ya Madina hiyo hiyo. Alikuwa bedui, akampa Mtume (S.A.W.) mkono wa ahadi juu ya Uislamu. Kesho yake akaja ana homa, akataka avuliwe ahadi yake. Mtume akakataa. Akarudia mara ya pili na ya tatu, akakataliwa. Basi akatoka akaenda zake. Hapo Mtume akaufananisha mji wa Madina na mvukuto wa mhunzi, ambao huondoa taka za chuma na kubakisha kilicho safi.

Wekeni watu hawa wawili pamoja. Mji mmoja, homa moja. Bilal alilia waziwazi kwa kutamani kwao. Huyu bedui hatukusikia kwamba alilia. Lakini Bilal alibaki na ahadi yake, na bedui aliirudisha yake kama mtu arudishaye nguo isiyomtosha. Basi kosa halikuwa katika kutamani nyumbani, wala halikuwa katika kuchukia hewa ya ugenini. Kosa lilikuwa katika kuiuza ahadi kwa ajili ya hewa. Ndiyo sababu wanafiki walilaumiwa katika Suratut-Tawba, aya ya 81, walipowazuia watu wasitoke kwenda Tabuk kwa kuwa ni wakati wa joto. Wakajibiwa kwamba moto wa Jahannam ni mkali zaidi.

Basi kila aliye mbali na kwao na ajiulize: nina ahadi gani, na iko wapi? Aliyekwenda kutafuta riziki ya wazazi na watoto wake, ahadi yake ni riziki hiyo. Akiweza kuitimiza nyumbani, arejee kwa amani, wala pasiwe mtu wa kumcheka barazani kwamba ameshindwa na baridi. Ikiwa haiwezekani, na asubiri, alie akitaka kulia, na aombe dua ile ya Madina kwa ajili ya mji alioko. Asiishi humo kama msafiri aliyeketi juu ya sanduku lake: na awajue majirani zake, aendee msikiti wake, atende wema, kwani mtu hupenda pale alipopatumikia. Lakini akiona kwamba baridi ile imemwachisha sala, au upweke ule unamvuta kwenye haramu, basi ahadi iliyo kubwa kuliko zote imo hatarini. Na katika Suratun-Nisai, aya ya 97, Malaika huwauliza wenye kujidhulumu kama ardhi ya Mwenyezi Mungu haikuwa na wasaa wa kuhamia.

Maneno haya ni kwa dada zetu na ndugu zetu walioko nchi za Ghuba pia, ambako joto la kiangazi ni kali mno hata Saudia imekataza kazi za juani kutoka saa 6 mpaka saa 9 za mchana, tangu tarehe 15 Juni hata 15 Septemba. Mwenye kazi ya juani na aishike ruhusa hiyo, si uvivu. Na sisi tuliobaki nyumbani nasi tuna ahadi. Tusipokee fedha zao huku tukizicheka barua zao. Mababu wa wengi wetu waliletwa pwani hii na kaskazi kutoka Hadhramaut na Omani, na hapana shaka nao walikaa pwani wakatazama bahari.

Bilal aliliona tena bonde lake. Makka ilipofunguliwa mwaka 630 alipanda juu ya Al-Kaaba akaadhini. Kisha akarejea Madina pamoja na Mtume (S.A.W.), kwa kuwa ahadi yao ilikuwa kule; na baada ya kufa Mtume akenda Sham, na kwa riwaya iliyo mashuhuri kaburi lake liko Dameski.

Kijana wetu tumemwandikia upya, tukamtaka radhi. Mama yake naye tumemwendea, tukamsomea hadithi ya Bibi Aisha. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Kumbe hata Bilal?" Tukamjibu, "Naam, mama, hata Bilal." Ile hirizi akaitoa mwenyewe, akatukabidhi.

Ewe Mola wetu, wapendezeshee wageni wetu miji waliyomo, wala usiwasahaulishe kwao. Watie siha katika miili yao, wabarikie pishi yao na kibaba chao, na uwahifadhie ahadi zao, na zetu pamoja nao. Amin.

Wassalamu alaykum.