Kinywa cha Kukodi

Ndugu zangu, Balaamu mnamjua. Balaki, mfalme wa Moabu, alimtumia wazee na ujira mkononi ili aje awalaani Waisraeli waliopiga kambi mlangoni pake. Balaamu akapanda mlimani, akafungua kinywa, ikatoka baraka. Balaki akapiga makofi kwa hasira. Habari hii tumeihubiri mpaka punda wa Balaamu, yule aliyesema, amekuwa mashuhuri kuliko bwana wake. Leo naihubiri kinyumenyume, maana yuko mtu aliyeitwa abariki, akaimba kwa moyo wake wote, na kilichotoka upande wa pili kikawa laana.

Mtu huyo ni Paul Robeson, mwigizaji na mwimbaji, Mmarekani mweusi mwenye besi ya kutikisa mabenchi. Alizaliwa Princeton, New Jersey, mwaka 1898. Baba yake alizaliwa mtumwa North Carolina, akatoroka akiwa kijana wa miaka 15, akasoma, akawa mchungaji. Mwaka 1901 aliondolewa kwenye usharika wake. Mchungaji huyo, mtu wa vitabu, akatafuta farasi na gari la kukokotwa, akawa anazoa majivu ya majiko ya watu. Miaka 3 baadaye moto wa jiko ukamuua mkewe. Paul alikuja kushuhudia kwamba hakumsikia baba yake akinung'unika hata siku moja. Wewe uliyesusa kwaya kwa sababu hukupewa kuongoza ubeti, msome mzee huyu.

Paul alisoma sheria Chuo Kikuu cha Columbia, akahitimu mwaka 1923, akaingia ofisi ya mawakili. Karani mzungu akakataa kuandika maneno yatokayo kinywani mwa mtu mweusi. Paul akaiacha sheria na kinywa chake kikahamia jukwaani. Mwaka 1925 alisimama New York na mpiga piano Lawrence Brown, wakaimba nyimbo za watu weusi tupu, zile za kiroho zilizozaliwa kwenye mashamba ya utumwa, bila kuziombea radhi kwa kuchanganya za Ulaya. Mwaka huohuo, katika filamu ya Oscar Micheaux, akaigiza kama mchungaji tapeli anayekula sadaka za waumini wake. Mwana wa mchungaji! (Sisi tupandao mimbari tungeonyeshwa filamu hiyo kila semina.) Mwaka 1928 London ikamsikia katika mchezo wa nyimbo *Show Boat*, na mwaka 1930 ikamwona akiwa Othello.

Sasa sogeeni karibu, maana hapa jambo linatuhusu sisi.

Akiwa London, Robeson alikwenda Shule ya Taaluma za Mashariki kujifunza lugha za Afrika, na Kiswahili hiki ninachowaandikia kilikuwa mojawapo. Mtu aliyekwishajaza kumbi anakaa darasani, anapambana na ngeli kama mtoto. Alitaka kujua babu zake walisemaje. Ndipo akaitwa kuigiza *Sanders of the River*. Aliambiwa, naye akaamini, kwamba filamu ingeonyesha heshima ya Mwafrika: ngoma zilizopigwa picha Afrika kwenyewe, na yeye chifu Bosambo, akiimba mbele ya wapiga makasia. Miongoni mwa Waafrika waliokodiwa kujaza umati alikuwamo Jomo Kenyatta, mwanafunzi aliyekuwa akitafuta riziki kama wengine.

Filamu ilitoka mwaka 1935. Inafunguliwa kwa maneno ya kuwasifu maofisa wa dola ya Kiingereza. Bosambo, kwa sauti ile yote na kifua kile chote, ni mtoto mtiifu wa Bwana Sanders, mmoja wa maofisa hao. Robeson alilia kwamba sifa za ukoloni zilichomekwa siku za mwisho za kupiga picha. Namwamini, ila simwachi aende hivihivi. Kitabu cha Edgar Wallace ambamo hadithi ilichotwa kilikuwa madukani tangu mwaka 1911. Angekisoma, angejua mto ule unaelekea wapi.

Kijana wangu unayeitwa kesho kushuti, wewe umesoma? Au umesikia kiasi cha hela tu ukasema Mungu amejibu? Nimekuona ukiweka sahihi kwenye kurasa ambazo hukuzifunua. Nimeona binti wa kwaya amesimamishwa nyuma ya chupa ya dawa ya kuongeza makalio, anaimba kwa sauti ileile ya Ijumaa Kuu, na siku tangazo lilipotoka akasema, "Mwalimu, sikujua." Hukujua, mwanangu, kwa sababu hukuuliza! Uliza nani analipa. Uliza mstari wako unakatwa wapi na unaungwa na nini. Wakikwambia msanii haulizi, hao ni wajumbe wa Balaki, warudishe na fedha zao.

Robeson alijifunza kwa uchungu. Wimbo uliompa jina katika *Show Boat*, ule wa mto mkubwa, ulikuwa wa mtu aliyechoka na kukata tamaa. Akaanza kubadili maneno yake kwenye maonyesho, mpaka mchovu akageuka mpiganaji. Mwaka 1937 aliwaambia watu waliojaa Royal Albert Hall, vita vya Hispania vikiwaka, kwamba msanii hana budi kuchagua upande. Mwaka 1942 Hollywood ikamfanyisha tena kichekesho cha mtu mweusi katika *Tales of Manhattan*. Safari hii akatangaza kwamba watu wakiandamana kuipinga, yeye atasimama nao, aipinge filamu yake mwenyewe! Hakuigiza tena Hollywood. Mwaka uliofuata alirudi kwa Othello, Broadway, na onyesho likafika mara 296, rekodi kwa tamthilia ya Shakespeare pale.

Malipo yake? Mwaka 1949 mashabiki wake walipopolewa kwa mawe mjini Peekskill, New York. Mwaka 1950 serikali ikamnyang'anya pasipoti, kumbi zikafungwa, na kipato kilichopita dola 100,000 kwa mwaka kikashuka mpaka elfu chache. Mwaka 1952 akapanda nyuma ya lori mpakani mwa Marekani na Kanada, akaimba bila kuuvuka mstari, na maelfu wakamsikiliza kutoka pande zote mbili.

Lakini msiniombe nimpambe kama sanamu ya kanisani. Mwaka 1949, Moscow, alimtafuta rafiki yake Itzik Feffer, mshairi Myahudi. Feffer alitolewa gerezani akaletwa hotelini. Kwa simulizi ya mwana wa Robeson, chumba kilikuwa na vinasa sauti, hivyo mfungwa akamjulisha kwa ishara kwamba kinachomngoja ni kifo. Robeson akaenda jukwaani, akamtaja Feffer mbele ya hadhira, akaimba kwa Kiyidi wimbo wa wapiganaji Wayahudi. Ilihitaji ujasiri, sikatai. Aliporudi Marekani akaulizwa juu ya mateso ya Wayahudi kule. Akasema hakusikia kitu. Feffer alipigwa risasi Agosti 1952. Kinywa ambacho dola haikuweza kukifunga, mwenyewe alikifunga, kwa ajili ya upande aliouchagua, ule wa Wasovieti. Nikifika hapo huwa naweka kitabu chini kidogo. Mimi nami nina watu wangu ambao maovu yao huwa siyasikii. Wewe je? Wa chama chako? Wa dhehebu lako? Yule mfadhili aliyenunua vipaza sauti vya kwaya?

Vijana hunijibu, "Mwalimu, nikikataa nitaimbia wapi?" Oktoba 1957 Robeson alikuwa bado hana pasipoti. Wachimba makaa wa Wales, ambao aliigiza maisha yao katika *The Proud Valley*, walikuwa na tamasha lao mjini Porthcawl. Aliingia studio New York, akaimba kwenye simu. Sauti ikapita kwenye waya chini ya Atlantiki, ikatokea ukumbini kwenye vipaza sauti, watu maelfu wameketi kimya mbele ya jukwaa ambalo yeye hayupo. Alipomaliza, wanaume wa kwaya ya Treorchy wakamwimbia na wao, kwa waya uleule, naye akasimama kule New York na simu yake, anasikiliza.