Sifuri Tano Ambazo Hazipo

Neno "kamwe" tunalitumia ovyo. Yule hatabadilika kamwe. Hapa kwetu jambo hilo haliwezi kutokea kamwe. Mimi huwa najiuliza, ni lini hasa mtu ana haki ya kulitamka? Mfano ulionisaidia kuliko yote nimeukuta kwenye hesabu.

Hebu chukua 5, uizidishe na namba zote zilizo chini yake: 5 × 4 × 3 × 2 × 1. Unapata 120. Hiyo ndiyo faktoria ya 5, na tangu Christian Kramp atumie alama hiyo mwaka 1808, inaandikwa 5!, kwa alama ya mshangao. Na kweli inashangaza: 10! tayari ni 3,628,800, na 100! ina tarakimu 158. Vikokotoo vingi vya shuleni hugoma vikifika 70!.

Sasa tazama mikia yake. 5! inaishia na sifuri moja. 10! inaishia na mbili, 15! na tatu, 20! na nne. Je, 25!? Mtu yeyote mwenye macho atasema tano. Na simlaumu, maana ushahidi wote alionao uko upande wake. Lakini 25! ina sifuri sita.

Sababu yenyewe ni ndogo tu. Kila sifuri ya mwisho ni 10 iliyojificha, na 10 hutengenezwa na 2 na 5. Namba 2 zimejaa tele, kila namba shufwa inayo angalau moja. Adimu ni 5. Basi usihesabu kingine, hesabu 5 tu. Na 25 ni 5 × 5: inaingia na tano mbili kwa mpigo, ndiyo maana mkia unaruka kutoka sifuri nne hadi sita. Tano zimerukwa. Kuanzia hapo sifuri haziwezi kupungua, kwa hiyo hakuna faktoria yoyote, hata ile ambayo hakuna binadamu wala mashine itakayoiandika, inayoishia na sifuri tano kamili. Kamwe.

Hapo neno limetumika kwa haki.

Bertrand Russell, katika kitabu chake cha mwaka 1912, alimtaja kuku aliyelishwa kila siku na mtu yule yule, mpaka siku mtu huyo alipomnyonga shingo. Kuku alikuwa na ushahidi mwingi, tena wa kweli. Alichokosa ni sababu ya kulishwa kwake. Aliyetazama mikia ya faktoria hadi 20! ana tofauti gani na kuku huyo? Wote wawili wamechukua mazoea wakayaita ujuzi.

Najua mtu atanipinga: maisha si hesabu bwana, nani ana muda wa kutafuta sababu ya kila kitu? Ni kweli. Tunaishi kwa mazoea, na bila hayo hata chai ya asubuhi tungeiogopa. Sisemi tuache kukisia. Ila kukisia kuna lugha yake: nadhani, mara nyingi, mpaka sasa. Tunapokosea ni pale tunapochukua mara nne tulizoona na kuzivika joho la "daima", halafu tukamhukumu nalo mtu. Amedanganya mara nne, basi ni mwongo wa kuzaliwa. Ameshindwa mara nne, basi hafai. Je, tumeona kinachomfanya awe hivyo, au tumehesabu mkia tu?

Hiyo, kwangu, ni dhuluma, hata ikisemwa kwa sauti ya upole. Ninayemwambia "hutaweza kamwe" namfungia mlango ambao sijui umejengwa kwa nini. Kwa faktoria naweza kukuonyesha zile 5 moja moja. Kwa binadamu mwenzangu, bado sijazipata, na mpaka nizipate nitabaki na "mpaka sasa".